Hija ya Bikira Maria hadi Ndanda: mwongozo kamili kwa jumuiya za Mtwara na Lindi

Hija ikipangwa na kamati ya usafiri peke yake hugeuka matembezi. Basi linajaa, vitenge vinashonwa, picha zinapigwa mbele ya kanisa, na wiki inayofuata hakuna anayeshika rozari. Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, kiongozi wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) au UWAKA (wa wanaume), katekista wa kigango, au familia inayotaka kwenda yenyewe. Mambo ya magari na maji ya kunywa yamo, ila tumeyapanga kufuata sala. Kinachoitwa hija ni sala inayotembea, na kundi lisilojua kusali pamoja likiwa limekaa halitajifunza likiwa njiani na jua la utosi.

Kwa nini Ndanda

Kwa watu wa kusini mwa Tanzania, Ndanda, iliyo kwenye barabara ya Masasi, ina mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, kanisa la abasia liko chini ya jina la Maria Msaada wa Wakristo, ambaye sikukuu yake ni tarehe 24 Mei. Pili, ni nyumba ya wamonaki Wabenediktini, na katika Masifu ya Jioni wamonaki huimba Wimbo wa Maria, "Moyo wangu wamtukuza Bwana", kila siku ya mwaka. Kwa hiyo hujaji anayefika siku isiyo na sikukuu yoyote bado atamkuta Maria katika sala ya nyumba ile. Tatu, ardhi yenyewe ina historia. Misheni ya Lukuledi ilianzishwa mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Zote mbili ziliteketezwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, na Ndanda ikaanzishwa mwaka 1906 baada ya majivu hayo. Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, waliuawa huko upande wa Liwale tarehe 14 Agosti 1905, mkesha wa Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Mambo haya yasimuliwe kwa mahujaji kabla ya kuondoka, tena na mtu anayejua kusimulia, pamoja na sababu zilizowafanya wenyeji wainuke dhidi ya utawala wa Wajerumani. Historia ikisemwa nusu huleta chuki badala ya sala.

Jambo la imani liwekwe wazi mapema, maana kusini tunaishi na majirani wengi wasio Wakatoliki na maswali yatakuja. Kanisa linamwabudu Mungu peke yake. Maria linamheshimu kuliko watakatifu wote na linamwomba atuombee. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilieleza hili mwaka 1964 katika sura ya 8, ambayo ni ya mwisho, ya hati yake juu ya Kanisa. Hawakumwandikia Maria hati ya pekee. Walimweka ndani ya fumbo la Kristo na Kanisa, na hapo ndipo kipimo kilipo. Ibada kwa Maria isiyomfikisha mtu kwenye Ekaristi na kitubio imepotea njia hata kama ina machozi mengi.

Kuchagua tarehe

Tarehe mbili ndizo zinazofaa zaidi, na kila moja ina tabia yake.

Tarehe 24 Mei ni sikukuu ya nyumba yenyewe, na Mei ni mwezi wa Maria. Tatizo ni kwamba masika yanakuwa ndiyo kwanza yanaisha: njia za vijijini zina matope, majani yamefunga pembezoni mwa barabara, mbu ni wengi, na watu wanavuna. Halafu kalenda. Tarehe hiyo hukaribiana na Pentekoste, na kuna miaka inagongana nayo kabisa. Ikigongana, Jumapili ndiyo hushinda. Uliza abasia mapema sikukuu itaadhimishwa lini.

Tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni, ni kipindi cha kiangazi na asubuhi zina ubaridi. Kwa kundi linalotembea kwa miguu hii ndiyo tarehe, hatuoni sababu ya kubishana. Oktoba ni mwezi wa Rozari na wengi huupenda, lakini joto linakuwa limepanda na watu wako kwenye mikorosho. Ukiita hija Oktoba utapata wazee na wanafunzi, wenye nguvu watakuwa wanaokota korosho.

Korosho ndizo zinazoamua na michango. Hela huonekana vijijini kuanzia minada ya Oktoba hadi Desemba, na kufikia Februari mifuko imekauka hadi mavuno. Kwa hiyo hija ya Mei ichangiwe kuanzia Novemba, kidogo kidogo. Kamati inayotangaza mchango mwezi Machi hulalamika kwamba waumini hawana moyo, kumbe hawana pesa.

Barua, hesabu na majina

Anza na paroko. Bila barua yake yenye muhuri, ninyi ni kundi la wageni tu. Barua itaje idadi ya watu, tarehe ya kufika na kuondoka, kama mna padre wenu, na kama mnahitaji kulala. Ipelekwe kwa mhudumu wa wageni wa abasia na kwa paroko wa Ndanda walau miezi miwili kabla, na msiondoke bila jibu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inaagiza wageni wapokewe kama Kristo mwenyewe. Hilo halimaanishi watu themanini watokee saa tatu usiku wakiuliza magodoro yako wapi.

Hesabu ya mchango ina mtego mmoja: kugawa gharama kwa idadi ya waliojiandikisha. Waliojiandikisha hamsini hawatakwenda hamsini. Gawanya gharama ya gari kwa arobaini na wawili. Wakizidi, ziada iwalipie wasio na uwezo, na hao wapangwe tangu mwanzo bila kutangazwa majina. Pesa za simu ziingie namba moja inayojulikana, na daftari lishikwe na watu wawili, mmoja anaandika na mwingine anathibitisha. Risiti itolewe hata kwa mia tano.

Gari liwe na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) na bima hai, na muone nakala. Msipande Fuso wala tipa kwa sababu ni nafuu. Dereva aelezwe kwamba atalala, maana safari ya kurudi ni ya hatari dereva akiwa amekesha na kwaya.

Katika orodha ya majina weka safu ya umri, namba ya ndugu aliyebaki nyumbani, na maradhi: presha, kisukari, pumu, selimundu, kifafa, ujauzito. Orodha hii ikae kwa mtu mmoja wa huduma ya kwanza, isisomwe hadharani.

Wiki sita za kujifunza kusali

Hii ndiyo kazi yenyewe. Jumuiya ikutane mara moja kwa wiki kwa wiki sita, saa moja tu, na kila mkutano uwe na kitu kimoja cha kurekebisha.

Rozari ya kawaida ina punje 59: sita za Baba Yetu na 53 za Salamu Maria. Huanza kwa ishara ya msalaba na Nasadiki, kisha Baba Yetu, Salamu Maria tatu za kuomba imani, matumaini na mapendo, na Atukuzwe. Halafu matendo matano (matukio ya maisha ya Yesu na Maria ya kutafakari), kila tendo likiwa na Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi na Atukuzwe, pamoja na ile sala ya Fatima, "Ee Yesu wangu". Hufungwa kwa Salamu Malkia. Jumatatu na Jumamosi ni matendo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano na Jumapili ya utukufu. Alhamisi ni ya mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002. Wazee wengi hawajayashika haya ya mwanga, na wanaona haya kuuliza. Wiki moja nzima itumike kwayo bila kumtaja mtu: Ubatizo wa Yesu mtoni Yordani, arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme, kugeuka sura, na kuwekwa kwa Ekaristi.

Sasa makosa, maana watu wanaijua rozari kwa mdomo na bado inawashinda.

La kwanza ni mbio. Kiongozi anaanza "Salamu Maria" kabla waitikiaji hawajamaliza "saa ya kufa kwetu, Amina". Baada ya Salamu Maria kumi za kwanza, pande mbili zinakanyagana na hakuna anayesikia anachosema. Dawa yake ni amri ndogo: kiongozi avute pumzi moja kamili baada ya kila Amina. Rozari ya matendo matano isiyokimbizwa huchukua dakika ishirini hivi. Ikiisha kwa dakika kumi na mbili, mmekimbia.

La pili ni kutaja tendo kama anayesoma mahudhurio. "Tendo la pili, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti", na hapo hapo Baba Yetu. Tendo ndilo moyo wa rozari, Salamu Maria ni sauti inayolisindikiza. Weka mistari miwili mitatu ya Maandiko, kisha kimya cha kuhesabu polepole hadi kumi. Kwa matendo ya furaha, Luka peke yake anatosha: 1:26-38, 1:39-45, 2:1-7, 2:22-35 na 2:41-52. Usisome yote. Chagua kipande. Mwombe kila msomaji aandae chake nyumbani, asifungue Biblia mbele ya watu akitafuta ukurasa.

La tatu ni nia zisizokwisha. Kila tendo linaombewa watu kumi na watano kwa majina, na rozari inakuwa tangazo. Nia moja kwa tendo moja. Nyingine ziandikwe kwenye karatasi, ziwekwe kwenye kikapu kitakachobebwa hadi Ndanda.

Katika wiki hizo pia wafundishwe Malaika wa Bwana, inayosaliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Kuanzia Pasaka hadi Pentekoste mahali pake husaliwa Malkia wa Mbingu, tena mkiwa mmesimama. Kundi la Mei linatakiwa kujua zote mbili.

Asiye na rozari asiachwe. Vidole kumi vipo, na kamba ya katani yenye mafundo kumi hufanya kazi ile ile. Mkinunua rozari kwa jumla ili muwauzie mahujaji, uzeni kwanza kisha padre azibariki. Kitu kilichobarikiwa kikiuzwa hupoteza rehema zilizoambatana nacho, yaani kufutiwa adhabu inayobaki baada ya dhambi kusamehewa. Ila iliyokatika ikafungwa upya haihitaji kubarikiwa tena.

Siku tisa kabla ya kuondoka, kila nyumba isali novena. Isiwe ndefu: tendo moja la rozari, Litania ya Bikira Maria, na sala ya kuombea safari. Mahali pa sala nyumbani panatosha kuwa meza ndogo, kitambaa safi, msalaba, sanamu au picha. Kwenye nyumba ya makuti, mshumaa usimame ndani ya sahani ya bati yenye mchanga, mbali na pazia, na uzimwe kabla watu hawajainuka.

Kitubio na rehema

Piga hesabu. Watu sitini, dakika tano kila mmoja, mapadre wawili: ni saa mbili na nusu. Ndio maana makundi mengi hufika Ndanda na nusu ya watu wasipate kuungama. Kitubio kifanyike parokiani wiki ya mwisho, na kule Ndanda kiachwe kwa wenye mizigo mizito na kwa wale wanaoona aibu kuungama kwa paroko wao. Hao wapo, na wana haki hiyo.

Rehema kamili haihitaji safari. Anayesali rozari kanisani, katika familia au katika jumuiya anaweza kuipata, mradi asali matendo matano mfululizo huku akiyatafakari. Masharti yake ni kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha), na kuukataa moyoni mwelekeo wa dhambi yoyote hata ndogo. Kitubio kinaweza kuwa ndani ya siku kama ishirini kabla au baada, na kimoja kinatosha kwa rehema kadhaa. Komunyo na sala kwa nia za Papa zinahitajika kwa kila rehema. Hupatikana moja tu kwa siku. Unaweza kuitolea kwa marehemu, lakini huwezi kumpatia mtu mwingine aliye hai. Mama mgonjwa aliyebaki nyumbani unamwombea, rehema yake ataipata mwenyewe.

Walio katika ndoa zisizobarikiwa kanisani, nao ni wengi kwetu kwa sababu ya ndoa za mchanganyiko, wasiambiwe wabaki. Watasali, watatembea, watasikiliza Neno, watazungumza na padre. Mara nyingi hija ndiyo mahali wanapoanza kutengeneza mambo yao.

Wenye nadhiri

Katika kila kundi kuna mtu aliyeahidi: "Mwanangu akipona nitakwenda kwa Mama Maria kwa miguu." Miaka imepita, magoti hayamruhusu tena, na anaishi na hofu. Sheria ya Kanisa imemfikiria. Kwa kanuni ya 1197, aliyeweka nadhiri binafsi anaweza mwenyewe kuibadilisha iwe tendo jema lililo sawa na lile au kubwa zaidi. Likiwa dogo zaidi, au akitaka kufunguliwa kabisa, amwendee paroko, ambaye kanuni ya 1196 inampa uwezo huo kukiwa na sababu ya haki. Jambo hili litangazwe mapema katika jumuiya. Watu wamekwenda na presha ya kutisha kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Njiani

Kutoka Mtwara barabara ya lami hupitia Mikindani hadi Mnazi Mmoja, inapokutana na ile ya Lindi, kisha Mtama, Nyangao na Ndanda. Wa Newala na Tandahimba wakija kupitia Masasi, wanarudi kama kilomita 40 hadi Ndanda.

Hatushauri kundi la parokia litembee kutoka Mtwara mjini. Utaratibu unaofaa ni gari hadi Nyangao, Misa au sala pale, kisha siku mbili za miguu hadi Ndanda. Kundi mchanganyiko hutembea kilomita nne kwa saa, na kilomita 20 kwa siku ni mwisho wa wastani wao. Watoto chini ya miaka kumi, wajawazito na wazee wabaki kwenye gari, waungane na wenzao kwa kilomita tano za mwisho. Na waungane kweli, kwa sababu hizo ndizo zinazokumbukwa.

Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa nne na nusu muwe kivulini, na msiinuke hadi saa tisa alasiri. Giza lisiwakute barabarani. Kwa kuwa magari kwetu hupita kushoto, waenda kwa miguu hukaa kulia ili wayaone yakija. Safu ziwe mbili, si zaidi, na mtu wa mbele na wa nyuma wavae vizibao vya kuakisi mwanga. Polisi wa usalama barabarani na watendaji wa vijiji mtakakolala wapewe taarifa kwa barua.

Kundi la watu sitini haliwezi kusali rozari moja barabarani. Wa nyuma hawasikii, wanachelewa, na inakuwa kelele. Gawanyeni vikundi vya watu kumi na watano hadi ishirini, kila kimoja na kiongozi wake, na nafasi ya hatua hamsini kati yao. Kila kikundi kikiwa kwenye tendo lake hakuna ubaya. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, rozari moja hula kilomita moja na kidogo. Msipange kusali mfululizo kutwa: rozari moja, nusu saa ya kimya, wimbo, mapumziko. Kwenye mlima acheni nyimbo. Pumzi ikiwa fupi, Litania ndiyo inayofaa, maana mwitikio wake ni neno moja tu, "utuombee", na hata aliyechoka analiweza. Kimya kilindwe. Simu zizimwe isipokuwa ya kiongozi na ya huduma ya kwanza.

Mnapita vijiji ambavyo wengi ni Waislamu, na heshima ndiyo ulinzi wenu. Mkisikia adhana, zimeni spika na sala ziendelee kwa sauti ya chini. Msiimbe kwa vipaza sauti mbele ya msikiti wala kwenye msiba. Bibi Mariamu anaheshimiwa pia kwao, na sura ya 19 ya Kurani ina jina lake. Akina mama wa Kiislamu watawauliza mnakwenda wapi na pengine watawapa maji. Jibuni kwa adabu, pokeeni, shukuruni. Kijana anayetaka kuanzisha mhadhara njiani apandishwe kwenye gari. Mume au mke Mwislamu anayetaka kumsindikiza mwenzake akaribishwe bila masharti.

Miguu ndiyo inayoangusha watu wengi. Raba zilizokwishavaliwa wiki tatu, kamwe zisiwe mpya, na soksi jozi mbili. Kandambili ziwe za jioni tu. Mguu ukianza kuchoma, simama hapo hapo, kausha, bandika plasta kabla lengelenge halijajaa. Likishajaa usilipasue, lifunike. Maji ni lita tatu hadi nne kwa mtu kwa siku, yaliyochemshwa au ya chupa, na gari la kusindikiza libebe akiba. Anayeacha kutoka jasho, anayeumwa kichwa na kusema maneno yasiyoeleweka, amezidiwa na joto: kivuli, maji ya kumwagia, kupepea, na hospitali. Kwa mwenye kuharisha au kutapika, kama hakuna pakiti za ORS (dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini), changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi ikizidi ina hatari, kwa hiyo onja: isizidi chumvi ya machozi. Homa isisubiriwe hija iishe. Nyangao na Ndanda kote kuna hospitali za misheni, mtu apimwe malaria siku hiyo hiyo. Vyandarua vibebwe.

Chakula kiwe chepesi na cha kawaida. Asubuhi uji wa ulezi na muhogo au viazi vya kuchemsha, mchana karanga, korosho, ndizi, jioni ugali na kunde au mbaazi. Nyama na wali wa nazi vingoje siku ya kurudi. Samaki wa kukaanga waliokaa kwenye mfuko wa plastiki tangu Mtwara wamelaza makundi mazima. Ming'oko (mizizi ya porini inayochemshwa) ya njiani mtafune, haina neno.

Kufika Ndanda

Msiingie na vigelegele moja kwa moja kanisani. Kusanyikeni nje, osheni miguu, vaeni nguo safi, kisha ingieni kwa maandamano msalaba ukiwa mbele na sanamu ya Bikira Maria nyuma yake. Kwanza salimuni Ekaristi takatifu, mpige magoti, mkae kimya dakika tano nzima. Halafu ndipo mwende mbele ya Maria. Mpangilio huo ni mafundisho tosha, na watoto wanauelewa bila kuelezwa.

Ratiba ya sala za wamonaki muombe siku ya kwanza na mpange mambo yenu kuizunguka. Jioni muwe kwenye Masifu dakika kumi kabla, simu zimezimwa, mkae nyuma. Msijaribu kuwazidi sauti. Wimbo wa Maria ukianza, kila mtu anasimama na kujifanyia ishara ya msalaba. Ni vizuri mahujaji wawe wamesoma maneno yake (Luka 1:46-55) nyumbani, maana mkulima anayesikia "wenye njaa amewashibisha mema" baada ya siku mbili za miguu anajua anachoimba.

Mkesha usipite saa tano usiku. Rozari ya matendo yote ishirini, kwa mwendo wa utulivu, ni kama saa moja na nusu. Ongeza kuabudu Ekaristi nusu saa na inatosha. Mkesha wa hadi alfajiri huzaa Misa ya watu wanaosinzia. Siku ya pili: Njia ya Msalaba asubuhi, Misa, kutoa kikapu cha nia, na saa mbili za mtu peke yake. Saa hizo mbili kamati huwa inazijaza semina. Ziacheni tupu.

Kutatokea wauzaji wa mafuta, maji na vitambaa vya "upako", au mtu anayedai ametokewa. Maji ya baraka hayauzwi. Kuhusu madai ya kutokewa, Kanisa lina utaratibu, uliosasishwa mwezi Mei 2024: ni askofu anayechunguza, akishauriana na Roma, na hata kibali kikitolewa, kwa kawaida kinaruhusu ibada bila kutamka kwamba jambo lenyewe limetoka mbinguni. Kwa hiyo hakuna hujaji anayetakiwa kutoa hata senti kwa ajili ya ujumbe aliopewa mtu jana usiku.

Baada ya kurudi

Jumapili ya kwanza kamati isome mapato na matumizi mbele ya jumuiya, kwa tarakimu. Salio lisigawanywe posho. Liende kwa mgonjwa aliyeshindwa kusafiri au liwe mbegu ya mwaka unaofuata.

Kisha anzeni Jumamosi tano za kwanza za mwezi, ibada iliyotokana na ujumbe aliopewa Sista Lusia wa Fatima mwaka 1925. Kila Jumamosi ya kwanza kwa miezi mitano mfululizo: kitubio, komunyo, rozari ya matendo matano, na robo saa ya kutafakari matendo, yote kwa nia ya kuufariji Moyo Safi wa Maria. Kitubio kinaweza kufanyika siku chache kabla. Kwenye vigango hapo ndipo penye kikwazo, kwa sababu Jumamosi padre hayupo. Kukiwa na sababu ya haki, padre anaweza kuruhusu yafanyike Jumapili inayofuata, kwa hiyo mwombeni ruhusa hiyo mapema badala ya kuacha ibada nzima.

Nyumbani msianze na matendo matano kila siku. Familia yenye watoto wadogo ianze na tendo moja, dakika nne, kabla ya chakula cha jioni, kila siku saa ile ile. Baada ya mwezi ongezeni la pili. Mtoto wa miaka saba aongoze tendo lake mwenyewe. Akikosea idadi asisahihishwe katikati, Salamu Maria kumi na moja hazijamdhuru mtu.

Katika jumuiya, Mei na Oktoba sanamu izunguke nyumba kwa nyumba. Ibada hii huvunjwa na soda na pilau. Nyumba ya kwanza ikiandaa, ya tano inakopa, na ya saba inafunga mlango na kudai imesafiri. Mwenyekiti atangaze tangu siku ya kwanza: mwenye nyumba anaandaa mkeka na maji ya kunywa, basi. Na sanamu ianzie nyumba yenye uwezo mdogo kuliko zote.